Zawadi ya Nizwa: Nani Kaifanya?

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosikika redioni)

Juma hili naomba tuzungumze juu ya zawadi. Sina maana ya zawadi za arusi wala za sikukuu. Nina maana ya ile zawadi ambayo msafiri hudaiwa tangu siku aliyotangaza safari yake. Ukisema tu kwamba unakwenda mahali, hata kama ni Kibaha, utasikia, "Basi usitusahau." Na ukirudi mikono mitupu, hakuna atakayeuliza kama huko ulikokwenda ulikula au ulishinda na njaa. Utasemwa.

Mwezi wa Aprili nilikwenda Oman kuwatembelea jamaa zangu wanaokaa Nizwa. Kabla sijaondoka nilikwenda Ng'ambo kumuaga shangazi yangu, dada yake marehemu baba. Shangazi huyu amepita miaka themanini, na katika maisha yake kazi aliyoifanya kuliko zote ni kushona kofia. Zile kofia nyeupe za kudarizi, ambazo wengine huziita bulibuli, zenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi mpaka yakawa magumu kama shanga. Kwa kofia hizo alisomesha watoto watatu. Siku hizi macho hayamruhusu kutunga uzi kwenye sindano, lakini ulimi haujapungua makali. Akaniambia, "Mimi sitaki kanga, sitaki manukato ya uwanja wa ndege. Niletee kofia ya huko, iliyoshonwa kwa mkono, niishike."

Nikamwuliza kofia ataifanyia nini. Akanieleza kwamba alipokuwa msichana walikuwa wakishona pamoja barazani, wasichana saba, na wanne katika hao walikwenda Oman na wazee wao baada ya mwaka 1964. Hakuwaona tena. "Mikono yao iko huko," alisema. "Nataka nijue kama wamemfundisha mtu."

Basi hilo ndilo agizo nililopanda nalo ndege.

Kwa wale ambao hawajafika, Nizwa ni mji wa bara, kama kilomita 160 kutoka Muscat, chini ya milima ya Jebel Akhdar. Ukisikia jangwa usifikirie mchanga peke yake. Huko jangwa ni mawe, milima mitupu ya rangi ya kutu, na mabonde makavu ambayo mvua ikinyesha yanageuka mito kwa saa chache kisha yanakauka tena. Katikati ya ukavu huo unauona mji wenye mitende mingi ajabu. Siri yake ni falaji, yaani mifereji inayoleta maji kutoka chini ya ardhi na kuyagawa shamba kwa shamba, kila mtu kwa zamu yake. Mmojawapo, Falaj Daris wa hapo hapo Nizwa, uliingizwa mwaka 2006 pamoja na mingine minne katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Kuna pia ngome, yenye mnara mnene wa duara, iliyojengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi. Huyo ndiye aliyewafukuza Wareno kutoka Muscat mwaka 1650, na mwanawe Saif ndiye ambaye majeshi yake yaliiteka Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1698. Ndani ya ngome wageni huonyeshwa ghala walimokuwa wakirundika tende, ili asali yake ichuruzike kwenye vifereji vya sakafuni. Asali hiyo ilichemshwa na kumwagiwa adui kutoka juu ya mlango. Sijui kama kuna mauti matamu kuliko hayo.

Chini ya ngome ndipo lilipo soko, na soko hilo ndilo lililonipa taabu. Kila siku mabasi ya watalii huja kutoka Muscat. Watu hushuka, huzunguka ngome, kisha hupewa muda kidogo wa kununua vitu kabla ya kurudi. Bila shaka mmeona jambo kama hilo Forodhani au pale Mji Mkongwe. Mtu mwenye dakika arubaini na pesa mfukoni hana nafasi ya kuuliza maswali mengi, na mwenye duka analijua hilo.

Mimi nilikuwa na siku kumi, lakini nilinunua kama mtu mwenye dakika arubaini. Niliingia duka la kwanza nililoliona, nikakuta kofia zimepangwa safu kwa safu mpaka darini, za kila rangi. Nikauliza, "Hizi zimeshonwa wapi?" Muuzaji akajibu bila kupepesa macho, "Hapa hapa Nizwa, kwa mkono." Bei rial tatu. Nikafanya hesabu: rial moja ya Oman ni sawa na dola mbili na senti sitini za Marekani, kwa hiyo kofia ni kama dola nane. Nikaona nimepata. Nikachukua moja nyeupe yenye maua ya buluu, nikaongeza na chetezo cha udongo kilichopakwa rangi ya dhahabu, nikarudi nyumbani natembea kwa madaha.

Mke wa binamu yangu, ambaye yeye mwenyewe amezaliwa Pemba, aliipokea ile kofia akaipindua nje ndani. Hakusema neno. Akaiinua mbele ya taa. Kisha akaniuliza kwa upole, kama anayemuuliza mgonjwa, "Shemegi, hii umeuziwa kiasi gani?"

Nikajua mambo yameharibika.

Wasikilizaji, yale aliyonionyesha jioni ile nitawaeleza, maana yanafaa hata hapa kwetu. Kofia ya mkono ukiiweka mbele ya taa, mwanga unapenya. Kila tundu limetobolewa, kisha mshonaji amelizungusha uzi mara nyingi, tundu moja baada ya jingine, na kofia moja huwa na mamia ya matundu. Kazi ya matundu hayo si urembo peke yake. Ndiyo yanayopitisha hewa, kichwa kisichemke. Kofia yangu mimi haikuwa na tundu hata moja. Ilikuwa na vijiduara tu vilivyochorwa kwa uzi, mfano wa tundu. Kwa upande wa ndani, uzi ulikuwa umeruka kutoka ua hili mpaka ua lile bila kukatwa, jambo ambalo mshonaji wa mkono hawezi kulifanya kwa sababu yeye humaliza ua na kufunga uzi kabla ya kwenda kwingine. Tena maua yote yalikuwa sawa sawa kabisa. "Tafuta kosa," aliniambia shemegi. "Ukikosa kuona kosa, ujue ni mashine."

Chetezo nacho hakikupona. Alipokikwaruza kwa ukucha, rangi ya dhahabu ilitoka, na chini yake hapakuwa na udongo ila kitu cheupe kama chokaa.

Kesho yake nilianza kutafuta upya, na safari hii nilikuwa na swali moja tu mdomoni: nani kaifanya? Sikuuliza tena kimefanywa wapi, maana hilo kila muuzaji ana jibu lake tayari. Niliuliza jina la mtu, au nyumba, au kijiji. Ajabu ni kwamba swali hili huwachuja wauzaji mara moja. Wengine walicheka, wengine walibadilisha mazungumzo, na mmoja aliniambia kwa ukweli ambao niliupenda, "Mzee, hii inakuja ndani ya sanduku, mimi naifungua tu."

Nilianza na masonara, kwa kuwa Nizwa ni mji uliosifika kwa kazi ya fedha tangu zamani. Huko ndiko zinakotengenezwa hanjari, zile jambia za kiunoni zilizopinda, ambazo zimo hata kwenye bendera ya Oman. Mwaka 2022 UNESCO iliutambua ufundi wake kuwa urithi wa kuhifadhiwa. Hanjari moja hupita mikononi mwa mafundi kadhaa, mwingine wa upanga wake, mwingine wa ala, mwingine wa mkanda uliofumwa kwa nyuzi za fedha. Bei yake ni mamia ya rial, kwa hiyo nilitazama tu. Nawaonya pia wale wenye uwezo. Ukiuziwa hanjari kuukuu yenye mpini wa pembe ya kifaru, usikubali, hata ukiambiwa ni ya babu wa babu. Vifaru wengi waliouawa Afrika Mashariki pembe zao ziliishia katika mipini ya Yemen na Oman, na biashara ya kimataifa ya pembe hizo imepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Siku hizi mipini hufanywa kwa mti wa msandali na vitu vingine. Na hata hiyo ya msandali, iweke katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, usijitie nayo kiunoni ukafikiri polisi wa uwanjani watakuamkia kwa heshima.

Sonara mmoja alinikaribisha kwenye kijiduka chake. Alikuwa amechutama juu ya kipande cha fedha, akikigonga kwa nyundo ndogo iliyochakaa mpini. Pembeni aliweka reale mbili za Maria Theresa, zile sarafu kubwa zenye sura ya mama mnene na mwaka 1780. Wazee wetu wa pwani walizitumia sana. Kila moja ina uzito wa gramu 28, na mafundi wa Oman kwa miaka mingi walikuwa wakiziyeyusha kufanyia mikufu, bangili na ala za hanjari. Nikauliza swali langu, nani kafanya pete hizi? Akasema, "Mimi." Nikamwuliza, wewe mtu wa wapi? Akasema, "India. Lakini hapa nina miaka ishirini na tatu."

Hapo nilisita. Nilikuwa nimeambiwa niangalie kitu cha wenyeji, na mbele yangu alikuwa mgeni. Hata nilianza kuinuka. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe namwita sonara, na neno sonara tumelichukua kutoka kwao Wahindi. Masonara wa Mji Mkongwe, wale waliotengeneza mikufu ya bibi zetu, wengi wao asili yao ni huko huko. Je, mkufu wa bibi yangu si wa Zanzibar? Na kofia yenyewe niliyotumwa kuitafuta, Waomani wengi watakuambia kwamba iliingia kwao pamoja na watu waliotoka Zanzibar. Tukianza kukagua asili ya kila kitu hatutabaki na kitu. Hata kanga zetu, ambazo tunajivunia majina yake na maneno yake, kwa miaka mingi zilichapwa Uingereza, Uholanzi na India.

Nikarudi nikakaa. Bwana yule amegonga fedha mjini humo miaka ishirini na tatu, kodi ya nyumba analipa humo, na kijana wa Kiomani aliyekaa kando yake alikuwa akijifunza kushika patasi. Nilimnunulia mke wangu pete. Mtu mwingine anaweza kuwa na mawazo tofauti, na binamu yangu anayo. Anasema kazi ya fedha ilikuwa ya koo maalumu za Nizwa, na kwamba mafuta yalipoleta utajiri baada ya mwaka 1970, wanawake wakahamia dhahabu, vijana wakahamia maofisini, na nyundo zikabaki zinamngoja mwenye njaa. Kweli anasema. Mwaka 2003 serikali iliunda mamlaka maalumu ya kazi za mikono, kufundisha na kutafuta masoko. Lakini kijana aliyesoma kumweka kitako miaka mitano mbele ya tanuri, kwa ujira wa kubahatisha, si jambo la amri ya serikali.

Vyombo vya udongo havikunichukua muda. Vya kweli vinatoka Bahla, mji ulio kama kilomita arubaini kutoka Nizwa, wenye udongo mzuri na koo za wafinyanzi. Binamu alinipeleka kwa gari, nikamwona mzee akizungusha gurudumu kwa mguu, nikanunua chetezo kisicho na rangi yoyote ila ya udongo uliochomwa, na alama ya kidole chake ipo chini ya kitako. Bei ilikuwa ndogo kuliko kile cha dhahabu.

Halua haina haja ya kuuliza, maana hupikwa mbele ya macho yako. Huwekwa kwenye sufuria kubwa ya shaba, wanga na sukari na samli, kisha zafarani, iliki na marashi, na mwanamume mwenye misuli hukoroga kwa mti mrefu zaidi ya saa mbili bila kupumzika. Wenye kufuata mambo ya zamani hupikia kuni za mgunga. Nilionjeshwa pamoja na kahawa chungu, nikafumba macho nikawa niko Wete. Bwana mmoja pale dukani alibisha kwa nguvu kwamba halua ya Nizwa haina mfano duniani. Mimi nikasema ya Pemba. Tulibishana mpaka kahawa ikaisha, na aliyekuwa akikoroga akatuambia kwa Kiswahili safi kwamba yeye mama yake wa Chake Chake na baba yake wa Nizwa, na kwa hiyo anaomba tumwache apike.

Nilipanda pia Jebel Akhdar, kwa sababu Aprili ni msimu wa mawaridi. Gari ndogo haziruhusiwi. Kuna kizuizi cha polisi chini ya mlima, na lazima uwe na gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne. Huko juu, kiasi cha mita 2,000, kuna hewa baridi na mashamba ya ngazi yanayoning'inia juu ya makorongo. Mawaridi huchumwa alfajiri. Jinsi ya kutengeneza marashi ni hivi: maua hutiwa katika chungu ndani ya tanuri la udongo, katikati huwekwa chombo kitupu, na juu hufunikwa kwa bakuli lenye maji baridi. Mvuke ukigusa tumbo la bakuli hugeuka matone na kudondoka ndani ya chombo. Ni hayo tu. Siku hizi wengi wanatumia mitambo ya kisasa, na marashi yake hutoka meupe kama maji. Yale ya tanuri yana rangi ya chai hafifu na harufu ya moshi kwa mbali. Muuzaji alinipa yote mawili ninuse. Nilichagua ya moshi, si kwa kuwa ni bora, bali kwa kuwa nilifikiri shangazi atayatambua.

Lakini kofia bado.

Ijumaa asubuhi shemegi alinichukua mapema. Siku hiyo Nizwa huwa na mnada wa mbuzi, na mji wote hufurika. Wauzaji wanawazungusha mbuzi na ng'ombe kwenye duara, wanunuzi wamesimama kandokando wakipiga kelele za bei, na ukikaa vibaya unakanyagwa. Kando ya vurugu hiyo, karibu na ukuta, wanawake wachache walikuwa wamekaa chini na vitu vyao walivyotengeneza wenyewe majumbani. Hawakuita wateja. Mabasi ya watalii yaliwapita.

Mmoja wao alikuwa na kofia mbili tu, zimefungwa ndani ya kitambaa. Shemegi alizichukua, akazipindua, akaziinua kwenye jua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikauliza bei. Rial arubaini.

Wasikilizaji, nilipiga hesabu upesi. Rial arubaini ni zaidi ya dola mia moja. Kwa kofia! Nikafanya kile ambacho kila mmoja wetu angekifanya. Nikacheka kidogo, nikasema kumi na tano. Yule mama hakukasirika. Alimuuliza shemegi kwa Kiarabu huyu ni nani, akaambiwa ni shemeji yake kutoka Zanzibar. Ndipo akaeleza polepole, shemegi akitafsiri, kwamba kofia ile ameishona kwa muda wa miezi miwili, usiku watoto wakilala, na siku nyingine alasiri. Kisha akasema neno ambalo nimeshindwa kulisahau. "Mwambie anionyeshe, katika hizo siku sitini, ni zipi anazotaka nisilipwe."

Sikuwa na jibu. Rial arubaini ukizigawa kwa siku sitini ni chini ya rial moja kwa siku, wala si mshahara wa mtu yeyote katika nchi ile. Na mimi, niliyekuwa nimezunguka juma zima nikilaani kofia za mashine, nilipokutana na ya mkono nilitaka ishuke mpaka bei ya mashine. Tunalalamika kwamba kazi za mikono zinakufa. Nadhani wauaji tunafahamiana.

Nilimlipa arubaini. Nawaambia ukweli, sikulipa kwa moyo mkunjufu, maana ilinibidi niache vitu vingine nilivyoandikiwa kwenye orodha, na wapo watu mtaani kwangu ambao hadi leo salamu zao ni za mkato. Ile kofia ya rial tatu nilirudi nayo pia. Majuzi nilipita Darajani nikaikuta ndugu yake pacha, maua yale yale ya buluu, vijiduara vile vile visivyo na tundu. Nikamwuliza muuzaji imeshonwa wapi. Akasema, "Hapa hapa Unguja, kwa mkono."

Sasa shangazi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha. Nilimpa kwanza kofia ya mashine, kwa utani. Alipitisha kidole gumba mara moja, akairusha kitandani kama aliyeshika mjusi. Marashi aliyanusa, akasema, "Haya ya kuni," na akamwita mjukuu wake amletee mrashi uliokuwa kabatini. Kisha nikamwekea mapajani ile ya rial arubaini.

Hakuitazama. Aliitia mkono wa kushoto ndani, na kwa kidole cha mkono wa kulia akaanza kuizunguka polepole, tundu kwa tundu, kama mtu anayesoma. Nilikaa kimya. Nje watoto walikuwa wakicheza mpira na mtu alikuwa akiuza samaki kwa baiskeli.

"Kushona anajua," alisema. "Tundu zake ndogo kuliko zetu."

Akaendelea. Alipofika upande wa nyuma alisimama, akarudi, akapapasa tena pale pale.

"Hapa alichoka," alisema. "Uzi umelegea. Au aliitwa na mtoto." Akahesabu kwa kidole. "Matundu manne. Halafu karudi, kakaza tena."

Aliiweka kofia magotini, akaifunika kwa viganja vyote viwili. Kisha akaniuliza, "Nani huyu? Jina lake nani?"

Wasikilizaji, nilizunguka Nizwa siku kumi nikimwuliza kila mwenye duka nani kafanya hiki na nani kafanya kile. Yule mama niliyekutana naye uso kwa uso, niliyemlipa mkononi, sikumwuliza jina.

Nimempigia simu shemegi. Amesema Ijumaa akienda sokoni atamwuliza, na atamwuliza pia ni nani aliyemfundisha.

Hadi juma lijalo, kwaherini.